Kile Kiuzi Cheupe

Bucha, Jumanne, 4 Machi

Mwanangu Daktari,

Kabla hujauliza: mimi mzima, shoka zima, mizani nzima, na mdomo wangu ndio mzima kuliko vyote.

Hii ni barua ya kukuomba barua. Najua una simu, na mimi ninayo, lakini simu nitaisomaje mbele ya wateja? Juzi ulinipigia nikiwa kwenye mbavu, nikasema haya, haya, ikaishia hapo. Watu wamepanga foleni na vikapu vyao, hakuna aliyeambulia hata neno moja la udaktari! Barua naifungua polepole. Nainua bahasha waone muhuri wa chuo, najifuta mikono kwenye aproni, nasoma. Nimeishia darasa la saba lakini sijawahi kukwama kwenye neno, mwambie na mwalimu wako. Siku hizi soko zima wananiita Mama Daktari. Yule muuza vitunguu mwenye mtoto karani, aliyekuwa anajisikia, sasa anapitia upande wa pili.

Umesema mnaanza na tishu za mwili. Nifundishe. Mimi mwili naujua kwa shoka tu. Leo machinjioni fahali mmoja alizinduka shingo ikiwa imekatwa nusu, akambamiza mchinjaji ukutani, mbavu zikalia kama kuni kavu. Tulimwangusha watu wanne, na mama yako ndiye aliyekaa kichwani. Nilirudi nikiwa mwekundu mpaka kwenye nyusi, nikafungua bucha kwa wakati.

Dada yako hajambo huko kwa mumewe. Na mkwe wangu yule, aliyekubebea sanduku mpaka mlangoni pa bweni, nani kama yeye? Nilisema siku ya harusi na nasema tena: hakuna mama hapa sokoni aliyepata mkwe kama wangu.

Kula. Lala. Maiti usimwogope, maiti hana kisu.

Mama yako,
Mama Daktari


Bweni la Wasichana, Jumatano, 12 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Haya, inua bahasha, jifute mikono, wasomee.

Mwili wa mtu una tishu za aina nne. Tishu ni kundi la seli zinazofanana, zimeungana kufanya kazi moja, kama nyinyi mlivyomwangukia fahali. Mwalimu wetu anafundisha aina moja, anaimaliza, ndipo anagusa nyingine, na mtu akiuliza ya mbele anafukuzwa nje. Nami nitakuandikia hivyohivyo, kila barua tishu yake, ili wateja wako wapate hamu ya kurudi.

Ya kwanza ni epithelia, tishu ya kufunika. Ngozi ya nje ni yake, na utando wa ndani ya mdomo, wa utumbo, wa mapafu. Seli zake zimebanana kama vigae, hakuna upenyo. Ndani yake hamna hata mshipa mmoja wa damu, inalishwa na tishu iliyo chini yake. Ila sifa yake kubwa ni kujizaa upya. Utando wa utumbo unabadilika kwa siku chache tu, ngozi kwa kama mwezi. Ukijikata, seli za ukingoni zinaanza kutambaa kutoka pande zote mbili mpaka zinakutana katikati. Ngozi inajifunga yenyewe, Mama, wala haisubiri kuamriwa.

Jana tulifunguliwa maiti ya kwanza. Mwanaume, fuvu lina ufa wa kuingia kidole, na aliyempiga hajulikani. Vijana wawili wa kiume walizimia. Mwanao hakuzimia. Hilo nalo wasomee.

Nisalimie Dada na Shemeji. Mwambie Shemeji vile viatu alivyoninunulia bado vinang'aa.

Binti yako,
Daktari (bado!)


Bucha, Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu Daktari,

Usishangae mwandiko, ni wa dada yako. Amekuja kunitembelea, na mimi mikono ina kazi, basi mimi nasema, yeye anaandika.

Barua yako imesomwa mara tatu! Ulipofika kwenye utumbo, muuza vitunguu akadakia, "Na huo unaotuuzia unabadilika lini?" Nikamwambia nunua kwanza, utaniletea majibu wewe. Foleni nzima ilikufa kwa kicheko.

Sasa nina swali, na si langu, ni la jirani. Humjui, amehamia majuzi. Ana binti ameolewa. Jumapili mchana akambebea maini kwenye karatasi, akakuta mlango uko wazi. Mkwe amemshika binti nywele, kaziviringisha mkononi kama kamba ya ng'ombe, anamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango. Pa. Pa. Pa. Wala hasemi kitu. Hapo ndipo jirani alipoogopa, kwamba hasemi kitu, yuko kama mtu anapigilia msumari. Meno mawili yako sakafuni. Kisa chumvi! Dada yako hapa amesimamisha kalamu, anasema haikuwa chumvi, ni kuchelewa kufungua mlango. Nimemwambia andika ninavyosema, wewe ya jirani umeyajulia wapi?

Jirani akatupa maini, akamrukia, akamng'ata bega mpaka akaonja damu. Mkwe akachomoa kisu cha jikoni, akakielekeza kwa binti. Jirani akakidaka kwenye makali, kwa mkono wa kulia. Mwanaume akavuta. Ule mvuto, mwanangu, unausikia kwenye meno. Kiganja kikafunguka kutoka shina la kidole gumba mpaka kwenye kifundo, kama mfuko. Jirani akapiga yowe, akaachia. Na mkwe, wala hakukimbia. Alienda kunawa.

Hapo jirani akamkwapua binti. Sasa kamficha kwenye chumba chake cha nyuma, na mkwe kaambiwa binti kapelekwa kwa shangazi yake, mbali. Hospitali jirani hataki. Kule wataandika, wataita polisi, na kesho yake soko lote litamwimba, maana huyo mkwe kamsifu kwa kinywa chake mwenyewe. Mkono ameuosha kwa maji ya chumvi, akaubana, akaufunga kitambaa na ule uzi wetu wa kufungia nyama. Nikamsomea barua yako pale inaposema ngozi inajifunga yenyewe. Alifurahi huyo!

Hebu leta ya pili upesi. Wateja wanaulizia.

Mama yako,
Mama Daktari


Bweni la Wasichana, Jumamosi, 29 Machi

Mama, shikamoo. Dada, na wewe shikamoo. Mbona mwandiko wako unatetemeka hivyo, au kalamu ni ya mkopo?

Jirani mwambie aende hospitali. Kidonda kirefu namna hiyo kinataka kushonwa. Na huyo mkwe wake ni mnyama wa porini. Halafu wewe Mama, unasimulia mpaka nikajishika kiganja! Mvuto unasikika kwenye meno, nani kakwambia?

Tishu ya pili ni tishu unganishi. Hii inashikilia, inabeba, inafunga kitu kwenye kitu. Seli zake hazikubanana, zimetawanyika kama zabibu kwenye keki, na kinachozizunguka ndicho kinachotoa jina. Kikiwa kigumu ni mfupa. Kikiwa cha kutafunika ni gegedu, ile ya sikio na ya ncha za mbavu ambayo wateja wako wanaililia. Mafuta yamo humu. Kano zimo, zile kamba nyeupe zinazofunga msuli kwenye mfupa. Na usishangae, hata damu imo, ila yenyewe kinachozunguka seli ni majimaji. Kupona kwake kunatofautiana. Mfupa una damu ya kutosha, unaunga vizuri. Gegedu haina, ikivunjika inasumbua miaka.

Wacha tushukuru tuliyempata sisi. Shemeji nimemwandikia barua yake peke yake, ya asante. Nimemtania asione wivu Dada akilala kwenye kitanda changu na kukusaidia kuandika, amwache kidogo kwa mama yake, atarudi amenenepa.

Inayofuata ni misuli. Ya nne ni ya neva, hiyo mpaka tumalize misuli.

Binti yako,
Daktari


Bucha, Jumapili, 6 Aprili

Mwanangu Daktari,

Damu inaunganisha? Hapo mwalimu wako amenichekesha. Damu ya binti wa jirani imeruka mpaka kwenye dari na sijaona ilichounganisha. Lakini mwalimu ni mwalimu, nimewasomea hivyohivyo, na muuza vitunguu alipobisha nilimpa gegedu atafune anyamaze.

Jirani hospitali kakataa. Tena sasa ya nini? Ngozi imefunga kama ulivyosema, ilinuka kidogo ikaacha. Kimebaki kitu kimoja tu. Kidole gumba na cha shahada vimelala, na vikilala haviamki. Juzi nimeinua sufuria, yaani jirani ameinua sufuria jikoni, akasikia harufu ya nyama inaungua, akageuka kuuliza nani kasahau nini motoni. Kumbe ni yeye! Vidole vimeganda kwenye mpini wa chuma, ngozi ikabaki hukohuko. Na jana mteja kamwambia hii steki mbona inachuruzika, akamjibu nyama ina damu mama, ulitaka itoe maziwa? Damu ilikuwa yake. Kisu kimempitia kwenye gumba wala hana habari. Ndiyo, jirani naye anauza nyama. Bucha ziko nyingi.

Sasa nisikilize, hili ndilo swali lenyewe. Siku ile anaosha jeraha aliona kiuzi cheupe kinaning'inia katikati, unene wa tambi. Wewe umekulia buchani, unajua mteja akiona nyuzi kwenye steki anairudisha. Basi akachukua kile kisu kidogo cha kusafishia, akakipunguza huku, akakipunguza na kule, pakawa pasafi. Kukikata, umeme ulipanda mpaka kwapani, akajikojolea pale alipokaa. Halafu kimya. Nimeisoma barua yako vizuri, na mimi naona ule ulikuwa ukano. Tishu unganishi, basi itaunga. Au sivyo?

Mama yako,
Mama Daktari

Mdogo wangu, Mama ameenda kufunga mlango wa mbele, naandika haraka. Hakuna jirani. Meno ni yangu na mkono ni wa Mama. Ananificha hapa nyuma ya bucha, na hakutaka ujue kwa sababu una mtihani. Shemeji yako alikuwa anaamini niko kwa shangazi mpaka ulipomwandikia. Jana jioni alikuja, akainama kwenye tundu la ufunguo, akanisomea barua yako yote, neno kwa neno, kwa sauti ya upole. Akasema mlango wa bucha lazima ufunguliwe siku moja, naye hana haraka. Mama anashika shoka kwa kushoto. Hivyo viatu usivivae. Dada.


Bweni la Wasichana, Jumatano, 9 Aprili

Mama,

Hii usimsomee mtu.

Barua ya misuli nilikuwa nimeshaimaliza. Nimeichana. Hapa namruka mwalimu.

Kile kiuzi hakikuwa ukano. Ilikuwa neva. Tishu ya nne ndiyo inayobeba habari. Moto, makali, baridi, amri ya kufunga ngumi, vyote vinapita humo. Seli zake zina mikia mirefu, kuna mkia unaotoka karibu na shingo mpaka ncha ya kidole bila kukatika. Ukikatwa, ule wa upande wa mwili unajaribu kuota tena, unene wa ukucha kwa siku, unatafuta njia yake ya zamani. Ncha mbili zikishonwa mapema zinaweza kukutana. Wewe ulipunguza pande zote mbili, Mama. Sasa mkia ukiota unafika mahali hapana kitu.

Na mimi nilikaa hapa nakupa kwa zamu kama peremende. Hii ilitakiwa iwe ya kwanza. Nilikuwa nafikiria foleni yako ya wateja.

Nenda hospitali leo. Usioshe kitu, usifunge hesabu, usimalizie nyama. Omba daktari wa upasuaji wa mikono. Wanaweza kutoa kipande cha neva mguuni wakaziba lile pengo, lakini kila siku inayopita inakula nafasi yako. Waambie ni kisu na umtaje mwenye kisu. Mchukue na Dada, asibaki hapo peke yake hata kidogo. Soko likiimba, na liimbe.

Viatu nimevitupa jalalani. Barua niliyomwandikia yule mtu sina njia ya kuitupa.

Mtihani ni Jumatatu. Siufanyi, nakuja.

Mwanao


Wodi ya Wanawake, Jumatano, 16 Aprili

Mwanangu Daktari,

Mwandiko huu mzuri ni wa muuguzi wa zamu. Dada yako polisi wanamwandika maelezo, basi nimempata huyu, mtoto wa watu, na nimeshamwambia habari zako mpaka amechoka. Ulipopiga simu hapa wodini nikakukataza kuja, ukanitii, ukaenda kwenye mtihani wako. Asante. Kwenye simu nilikuwa na dawa za usingizi, sasa nakusimulia vizuri.

Barua yako ilifika Ijumaa, bucha imejaa. Foleni ikapiga kelele, "Mama Daktari, tusomee!" Nikaisoma kimoyomoyo, nikaikunja, nikaitia kifuani. Nikawaambia leo hakuna. Walidhani umefeli! Nikavua aproni, nikamwita dada yako atoke twende hospitali, na hapo ndipo alipoingia yule.

Alikuja mikono mitupu, amechana nywele, akasalimia watu. Akasema, "Mama, nimemfuata mke wangu." Nikamwambia hapa tunauza nyama ya ng'ombe tu. Akacheka. Halafu akanyoosha mkono kwenye gogo, akachukua kisu changu kile kirefu cha kutenganishia viungo, nilichokinoa asubuhi kwa mkono wangu, akamwendea dada yako.

Nilisimama katikati. Sikuwa na la kufikiri, mwanangu. Nikakidaka kama siku ile, kwenye makali, kwa mkono uleule.

Akavuta. Huyo mtu amezoea kwamba ukimkata mwenzio analia na anaachia. Akavuta tena, ananitazama usoni, anasubiri nilie. Nami nilikuwa nasubiri, Mungu shahidi. Nimeangalia nikaona kisu kinaingia shinani mwa kidole cha shahada, mfupa umekwaruza, damu imeruka kwenye shati lake, na mimi sisikii kitu! Nilihisi kuvutwa begani tu, kama unavyovutana na mbwa kitambaa. Nikabana zaidi. Muuguzi hapa anasema inawezekana, vidole bado vinapokea amri ya kubana kwa kutumia misuli iliyo juu ya kifundo, ila habari ndiyo hairudi. Anasema nyie mnayasoma hayo. Uso wa yule mtu ukabadilika, ukawa kama wa mtoto aliyeona taa imezimika. Akasema, "Wewe ni mtu gani?"

Kabla sijajitambulisha, dada yako akanyanyua muundi wa ng'ombe kwenye kulabu, mzima, na kwato yake, akampiga nao taya. Mlio wake hata muuza vitunguu aliusikia kwenye meza yake. Alipoanguka akampiga wa pili, na wa tatu, begani palepale nilipong'ata, wala hakusema kitu, pa, pa, mpaka nikamshika kiuno. Tishu unganishi hiyo, mwanangu! Imemuunganisha na sakafu. Foleni nzima ikamkalia mpaka polisi walipofika. Na aliyemkalia kichwani ni muuza vitunguu, simsemi vibaya tena.

Yuko wodi ya wanaume, kafungwa pingu kitandani, taya limefungwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Mfupa una damu ya kutosha, utaunga. Akitoka hapa anapelekwa mahabusu. Nimemtaja kwa jina lake lote mbele ya watu, na kwamba ni mkwe wangu.

Kidole cha shahada hakipo. Cha kati kimeshonwa. Daktari wa upasuaji alifungua kiganja kutafuta neva yako ile, akaziona ncha mbili. Anasema aliyekata kakata kwa unadhifu sana. Nikamwambia ni kazi ya fundi. Hakucheka. Ametoa kipande mguuni kama ulivyosema, akaziba. Ameniambia nisitegemee mengi, na nisilaze mkono karibu na moto. Nimemwambia mwanangu yuko chuo, nimeshayasikia yote.

Na hilo la kwamba ulinipa kwa zamu, likome. Ningeipata ya neva siku ya kwanza, ningewasomea foleni, nikarudi kwenye gogo langu. Ulikuwa unamfundisha jirani, mwanangu. Mimi ndiye niliyemleta huyo jirani.

Muuguzi anaitwa wodini kwingine. Haya machache namalizia mwenyewe kwa kushoto, usicheke mwandiko.

Dada yako amerudi kutoka polisi, kasinzia kwenye kiti. Ameushika mkono wangu wa kulia tangu aingie, gumba lake juu ya gumba langu. Nimejua kwa kuangalia.

Ile ya misuli uliyoichana, iandike upya. Nimewaahidi wodi nzima, kitanda hadi kitanda.

Mama yako